Yule wa kwenye pampu ya mafuta

Ukijaza mafuta popote katika jimbo la Iowa, Marekani, angalia ubavuni mwa pampu. Kuna stika ya ukaguzi ya idara ya kilimo ya jimbo. Huwa naulizwa: kilimo na petroli wapi na wapi? Jibu ni vipimo. Idara inayohakiki galoni yako ndiyo hiyohiyo inayokagua mizani ya sokoni, machinjio, viuatilifu na hifadhi ya udongo. Na mkuu wake, Katibu wa Kilimo, hateuliwi na gavana. Anapigiwa kura kila baada ya miaka minne, kama ilivyo katika majimbo mengine 11 ya Marekani. Wengi wetu tuliopata uraia hatufiki hata kwenye mstari wake. Tukishatiki gavana, tumemaliza.

Mimi ni bwana shamba, udongo nimeusomea Morogoro. Siku za soko huwa naenda kwa wakulima wa Global Greens, mpango wa wakulima wadogo mjini Des Moines, waliokuja huku kama wakimbizi, wakiwemo Warundi na Wakongo. Wanauza lengalenga na nyanya chungu, na utaona karibu kila kitu kiko kwa fungu. Si mazoea ya nyumbani tu. Ukipima kwa kilo au ratili, mizani yako lazima iwe na leseni ya idara. Fungu halihitaji leseni.

Hilo ni dogo. Kubwa ni dawa ya magugu. Iowa ni mahindi na soya mpaka macho yachoke, na upepo haujui mpaka wa shamba. Msimu mmoja nyanya zangu zilianza kujikunja majani ya juu, kingo zikainuka kama kikombe, mishipa ikajipanga sambamba. Nilidhani virusi. Kumbe ni dawa ya jirani. Malalamiko hupelekwa idarani ndani ya siku 60, ila mwenye bustani asiyekijua Kiingereza vizuri atazijuaje siku 60? Ipo pia ramani ya kuwaonya wapuliziaji kwamba hapa pana mboga, lakini inadai angalau nusu ekari. Mama mwenye robo ekari hayumo.

Ndiyo maana nampigia debe mgombea wa kilimo cha hapa kwa hapa, chama baadaye. Wa namna hiyo nilimwona mara moja. Mwaka 2010 Francis Thicke aligombea kwa tiketi ya Democrat: mfugaji wa Fairfield, ng'ombe wa Jersey wanaolishwa malishoni, maziwa yanasindikwa shambani na kuuzwa mjini palepale. Na si mfugaji tu, ana udaktari wa sayansi ya udongo. Alipambana na Bill Northey, Katibu aliyekuwepo, mkulima wa mahindi na soya aliyewahi kuongoza chama cha kitaifa cha wakulima wa mahindi. Thicke alishindwa vibaya. Mimi sikuwa na kura wakati huo, nikabaki kushabikia.

Simlaumu aliyempigia Northey. Mahindi ndiyo mshahara wa watu huku. Ila Katibu wa mahindi peke yake hana haraka na nyanya zangu. Machi 2025 serikali kuu ilipofuta mipango ya kununulia shule na benki za chakula mazao ya wakulima wa karibu, zaidi ya dola bilioni 1 nchi nzima, wenye bustani ndogo waliipata habari wakiwa wameshaagiza mbegu. Katibu wa jimbo hawezi kuzirudisha hela hizo. Anaweza kuwatafutia wanunuzi, kupigania kile kiwango cha nusu ekari kishushwe, na kuweka fomu ya malalamiko kwa Kiswahili.

Kiti hicho kinapigiwa kura tena Novemba 2026. Mgombea yeyote akipita sokoni kupiga picha, nitamshika mkono nimpeleke kwa yule mama wa lengalenga, nisimame pembeni, nisikie swali lake la kwanza litakuwa lipi.