Kukata waya hakuondoi etha kwenye injini

"Fundi, huo mfumo wa etha hauna shida, nilishakata waya." Etha ni kimiminika kinachoshika moto upesi, hupuliziwa kwenye injini ya dizeli ili iwake kwenye baridi kali. Kila kipupwe nayasikia maneno haya hapa Dodoma, hasa kwa wenye motahomu (magari yenye nyumba ndani) kuukuu za dizeli zinazoshuka kutoka Arusha kupitia Babati na Kondoa, zikielekea Iringa. Nyingi ziliundwa kwa ajili ya nchi ambazo joto hushuka chini ya sifuri, ndiyo maana zimefungwa mtungi wa etha, vali, mpira mwembamba na nozeli inayopulizia kwenye njia ya hewa ya injini. Huku kwetu mfumo huo hauna kazi, na anayeamua kuuondoa ameamua vizuri. Ila waya ndiyo sehemu isiyo na hatari kuliko zote, na ndiyo pekee wanayoigusa.

Ukishakata waya, mtungi bado uko pale pale na presha yake, umeshikwa na vali yenye oringi iliyozeeka. Ikianza kuvuja, mvuke wa etha haupai ukapotea. Ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara mbili, kwa hiyo unatulia chini: chini ya injini, chini ya sakafu, karibu na jenereta na friji ya gesi yenye mwali unaowaka. Hapo cheche moja inatosha. Tena kuna mifumo isiyotumia umeme kabisa, dereva anavuta kebo kwa mkono. Mwenye gari la namna hiyo akikata waya wowote, etha hajaigusa.

Halafu kuna fundi atakayefuata. Anakuta waya umekatika, anauunga kwa nia njema. Sasa kama injini ina hita plagi (plagi inayopasha joto silinda), au ile hita ya waya inayokaa kwenye manifodi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda, kama zilivyo injini nyingi za Cummins, balaa limeandaliwa. Etha hujiwasha yenyewe kwa nyuzi joto kama 160 hadi 180, wakati dizeli huhitaji zaidi ya 200. Hita iliyoiva nyekundu inailipua ndani ya manifodi kabla haijafika kwenye silinda. Na hata pasipo hita, etha ikizidi inawaka mapema, pistoni ikiwa bado inapanda. Mlipuko unaikuta njiani: ringi na kingo zake zinavunjika, konrodi inapinda, gasketi ya silinda hedi inakwenda. Hiyo ni ovahoo nzima kwa sababu ya waya uliounganishwa.

Linaloniumiza zaidi ni tundu. Mtu anang'oa nozeli, anaacha tundu wazi, au anaziba kwa kitambaa, au anapaka silikoni. Tundu hilo liko baada ya ea klina, yaani chujio la hewa! Hewa inayopita hapo haijachujwa, na vumbi la kiangazi cha Dodoma ni mchanga mtupu. Likiingia linakwaruza silinda na kula ringi, kompresheni inashuka, asubuhi injini inagoma kuwaka, na mwenye gari anakwenda dukani kununua kopo la etha la kupuliza. Kwenye injini ya tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), tundu likiwa kabla ya tabo, mchanga unakula na mapanga yake. Likiwa baada, upepo wa tabo unavujia hapo, gari linakosa nguvu mlimani na kutoa moshi mweusi. Kitambaa nacho siku moja kitavutwa ndani.

Kuondoa kwenyewe kunafanyika hivi. Gari liwe nje, injini imepoa, gesi ya jiko na friji imefungwa, hakuna anayevuta sigara wala anayechomelea jirani. Toa kwanza nguzo hasi ya betri. Vaa miwani na glavu, legeza kibanio, zungusha mtungi kwa mkono taratibu hadi utoke kwenye vali, kisha uufunike kifuniko chake. Baada ya hapo toa vali, mpira na nozeli, vyote, usibakize hata kimoja "kwa ajili ya baadaye". Tundu lizibwe kwa plagi ya chuma yenye uzi ule ule wa nozeli. Mimi natumia gundi ya majimaji ya kuzibia uzi, sipendi tepu, kwa sababu vipande vyake huingia kwenye injini. Nyaya zifuatwe kuanzia swichi hadi rilei, zitolewe pamoja na fyuzi yake; kama mfumo unaongozwa na kompyuta ya injini, soma kitabu cha gari kabla ya kugusa. Mwisho bandika maandishi karibu na ea klina: MFUMO WA ETHA UMEONDOLEWA. USIPULIZE ETHA. Fundi atakayefuata ataelewa.

Wengine bado hubisha. "Lakini Dodoma kuna baridi." Usiku wa Juni na Julai hapa hushuka hadi nyuzi 13 hivi. Injini ya dizeli isiyo na ubovu inawaka kwa baridi hiyo bila etha. Isipowaka ina ugonjwa, na mimi naanzia kwenye betri siku zote: pima volti stata ikiwa inazunguka. Betri ya volti 12 ikishuka chini ya 9.6, usiende mbali. Iwapo betri na nyaya zake ziko sawa, angalia hita, chujio la dizeli na upepo kwenye njia ya mafuta. Kompresheni ipimwe mwishoni.

"Injini imeshazoea etha." Injini haizoei. Ugonjwa unafichwa tu, na kila mlipuko unaharibu ringi zaidi, ndiyo maana mahitaji yanaongezeka.

"Afadhali petroli kidogo kwenye kitambaa." Hapana. Petroli hujiwasha kwa joto kubwa kuliko dizeli, kwa hiyo hata kazi unayoitaka haiifanyi vizuri. Inaosha oili kwenye kuta za silinda, na mkono wako uko mlangoni pa moto.

"Mtungi ukiisha ni chuma chakavu." Mtungi unaoonekana mtupu bado una mvuke. Usiutoboe, usiuchome, usiukate kwa grainda, wala usimuuzie mnunuzi wa vyuma ambaye atafanya hayo yote bila kujua. Uhifadhi kivulini penye hewa, nje ya motahomu, kisha waulize Zimamoto au ofisi ya serikali ya usimamizi wa mazingira pa kuukabidhi.