Sauti Isiyofanana na Nyingine

"Zima taa," alisema mwanamume aliyeketi mbele yetu. Ana mtindio wa ubongo. Maneno yake hutoka taratibu, mengine yameshikana, na mwanzo wa neno humsumbua kuliko mwisho wake. Simu iliandika kitu ambacho hakikuwa na taa wala kuzima. Akarudia. Mara ya tatu simu ikajibu kwamba haikuelewa, skrini ikawa nyeusi. Tukasikia nyayo chumba cha pili, kisha swichi, kisha sauti ya mkewe: "Nimeshazima!" Yeye alielewa tangu mara ya kwanza.

Tulikuwa tumekwenda kupima programu ya kutambua usemi, lakini swali tuliloondoka nalo lilikuwa la upande wa pili wa kazi yetu, ule wa kulinda taarifa binafsi. Mke anamwelewa mumewe kwa sababu amemsikia kwa miaka. Simu haijapata kumsikia mtu asemaye kama yeye. Ili imsikie, lazima mtu fulani achukue rekodi za sauti yake, azihifadhi mahali, azisikilize, aandike kando maneno yaliyosemwa, kisha azilishe mashine pamoja na za wengine wengi. Kila hatua katika hizo ndiyo ile ambayo ofisi kama yetu huitilia mashaka, na ni haki kuitilia mashaka.

Wanaotuuliza kuhusu faragha mara nyingi huja na picha ya mizani: sahani hii faragha, sahani ile teknolojia bora, ukiongeza huku unapunguza kule. Picha hiyo ina ukweli wake, ila inaficha jambo moja linalonikera. Mzigo haugawanywi sawa. Mtu ambaye mashine inamhitaji zaidi ili ijifunze ndiye huyohuyo aliye rahisi zaidi kutambulika ndani ya data.

Tuanze na kwa nini mashine inamhitaji. Modeli ya kutambua usemi, yaani ule ubongo wa programu unaogeuza sauti kuwa maandishi, hujifunza kwa mifano, na mifano huchukua sura ya walio wengi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao walichapisha majaribio ya mifumo ya kampuni tano kubwa: Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Wote waliorekodiwa walikuwa Wamarekani wakizungumza Kiingereza. Kwa wazungumzaji weupe, mifumo ilikosea kwa wastani takribani maneno 19 katika kila 100. Kwa weusi, 35. Watafiti walielekeza kidole kwenye sauti zenyewe zilizotumika kuifundisha mifumo hiyo: za Wamarekani weusi hazikutosha. Kama pengo linakuwa kubwa hivyo kati ya watu wa nchi moja na lugha moja, fikiria aliye na kigugumizi, aliyepooza upande mmoja wa mdomo baada ya kiharusi, au kiziwi aliyejifunza kutamka bila kujisikia.

Kwa hiyo anayesema "msikusanye chochote" naye ameshafanya uamuzi. Ameamua kwamba simu zibaki zikiwasikia wale ambao tayari zinawasikia.

Sasa upande wa pili. Jibu la haraka la wakusanyaji ni kwamba wanafuta majina. Mwanasayansi wa kompyuta Latanya Sweeney alionyesha tangu miaka ya 1990 jinsi jibu hilo lilivyo jepesi. Alichukua rekodi za matibabu za watumishi wa serikali ya jimbo la Massachusetts, zilizotolewa zikiwa hazina majina, akazilinganisha na daftari la wapiga kura, akampata humo gavana wa jimbo, William Weld. Baadaye alikadiria kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vinatosha kumtenga mtu mmoja pekee kwa asilimia 87 ya wakazi wa Marekani. Hivyo ni vitu vitatu tu, na hakuna hata kimoja ambacho mtu angekiita siri.

Ongeza kwenye vitu hivyo kwamba mtu huyu hutumia kisoma skrini, programu inayomsomea asiyeona yaliyo kwenye skrini, au huandika kwa kupepesa macho. Kundi la wanaofanana naye linasinyaa hadi kubaki wachache wa kuhesabika kwa vidole. Na sauti ndiyo balaa zaidi. Ukilifuta jina la yule bwana kwenye rekodi yake, yeyote aliyewahi kuzungumza naye atamjua akisikia sekunde mbili.

Zipo hila nzuri za kihesabu za kujua habari za kundi bila kumjua mtu mmojammoja, na moja inafaa ielezwe hapa kwa kuwa unaweza kuijaribu na sarafu mkononi. Wazo lake ni la mwanatakwimu Stanley Warner, la mwaka 1965; toleo la sarafu ndilo linaloeleweka upesi. Tuseme kampuni inataka kujua ni watumiaji wangapi kati ya 1,000 hutumia kisoma skrini. Kila mmoja anarusha sarafu faraghani. Ikianguka kichwa, anajibu ukweli. Ikianguka mwenge, anairusha tena na kujibu kama sarafu ilivyosema: kichwa "ndiyo", mwenge "hapana". Hakuna anayeweza kukushikia jibu lako, maana huenda ni la sarafu. Lakini kampuni inajua kwamba sarafu peke yake italeta "ndiyo" zipatazo 250. Zikija 310, zile 60 za ziada zimetoka kwa takribani watu 500 waliosema ukweli, nazo ni asilimia 12. Kwa hiyo kwenye kundi zima wapo kama 120, na hakuna hata mmoja aliyejulikana.

Hila za ukoo huu, zikiwa zimenolewa sana tangu mwaka 2006 kwa kazi ya mwanasayansi wa kompyuta Cynthia Dwork na wenzake, zimo ndani ya simu za Apple na zilitumika katika matokeo ya sensa ya Marekani ya 2020. Nazipenda. Ila angalia kinachotokea tukibadili swali na kuuliza nani huandika kwa kupepesa macho, na katika wale 1,000 wapo wanne. Wao wataongeza "ndiyo" mbili hivi juu ya zile 250, wakati sarafu zenyewe huyumba kwa kumi na kitu bila sababu yoyote. Wanne wale wamemezwa. Kelele hiyo ya sarafu iliyowaficha imeficha pia shida yao, na mhandisi anayesoma takwimu ataona kwamba hakuna mtu wa namna hiyo. Hila inayowakinga walio wengi vizuri kabisa humkinga aliye nadra kwa kumfuta.

Njia nyingine ni kuacha data ikae ilipozaliwa. Mwaka 2017 Google ilieleza kwamba kibodi yake ya Gboard imeanza kujifunza kwa mtindo huu: modeli inashuka hadi kwenye simu yako, inajifunza kutokana na unavyoandika, kisha yanayorudi kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni, ni marekebisho ya modeli, yakichanganywa na ya simu nyingine nyingi. Maneno uliyoyaandika hayaondoki. Ni hatua kubwa mbele, na kwa kibodi na kamera nadhani ndiyo inapaswa kuwa kawaida. Lakini modeli nazo zina tabia ya mwanafunzi mvivu: asichokielewa hukikariri. Watafiti wameonyesha kwamba zinaweza kushika mfuatano adimu wa namba au maneno vilevile ulivyokuwa, na ukiziuliza kwa ujanja zikautapika. Tena tumerudi palepale. Kinachokaririwa ni kile kisichofanana na vingine.

Hapo ndipo huwa naachana na wenzangu wanaoamini hisabati itamaliza kila kitu. Kwa aliye nadra, naona hakuna mkato: itabidi aombwe, uso kwa uso, na apewe sababu. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, ulioanza 2017, ni mfano ninaourejea mara kwa mara. Watu hujitolea kusoma sentensi kwa lugha zao, Kiswahili kikiwemo, na rekodi hutolewa bure kwa yeyote anayetaka kutengeneza kitu. Anayezipakua hukubali kwanza kwamba hatajaribu kumtambua msemaji. Ahadi hiyo haina kufuli, ni neno tu, lakini angalau msemaji anajua anachotoa, kwa ajili ya nini, na kwamba sauti yake itakuwa hadharani.

Linganisha na ridhaa tunazokutana nazo kila wiki: kisanduku kilichokwisha kutiwa tiki, chini yake maandishi madogo kuhusu "kuboresha huduma". Asiyeona husomewa waraka mzima na kisoma skrini, dakika arobaini za sheria, au abonyeze "Nakubali" na kuendelea na maisha yake. Sijui nani angesubiri. Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu Mei 2018, inataka data ikusanywe kwa kusudi lililotajwa na isizidi mahitaji ya kusudi hilo, na inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la kulindwa kwa ukali zaidi. Ukisoma hayo pamoja, mpangilio wa simu unaoonyesha kwamba mwenyewe haoni si mpangilio wa kawaida tena. Ni habari ya afya yake.

Ndiyo sababu nasita kila ninaposikia pendekezo kwamba tovuti ziambiwe moja kwa moja mgeni anatumia kisoma skrini, ili zimpe ukurasa unaomfaa. Nia ni njema. Lakini atakuwa anatangaza hali yake kila mlango anaopita, kwa mwajiri anayepokea maombi na kwa kampuni ya bima inayopanga bei. Ukurasa uliojengwa vizuri humfaa bila kumuuliza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, uliweka vyote viwili: kifungu cha 9 kinadai ufikivu, yaani mwenye ulemavu aweze kufika na kutumia kama wengine, cha 22 kinadai faragha. Haukumwambia mtu achague.

Kuna jambo moja la vitendo ambalo ningependa kila mwenye simu ya Android alijue, awe na ulemavu au asiwe nao. Ipo ruhusa iitwayo ya ufikivu, iliyowekwa ili visomaji skrini viweze kufanya kazi. Programu iliyopewa ruhusa hiyo inaweza kusoma yaliyo kwenye skrini na kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Kwa asiyeona, hayo ndiyo macho na vidole. Kwa mwizi, ni ufunguo wa programu yako ya benki, na virusi vya kuiba fedha vimeutumia kwa miaka. Tangu Android 13, ya mwaka 2022, mfumo huweka kizuizi cha ziada kwa programu ambazo hazikutoka kwenye duka rasmi. Kuufunga mlango kabisa kungewaacha nje wale uliojengwa kwa ajili yao. Basi fungua mipangilio, tazama orodha ya zilizopewa ruhusa hiyo, na kama kuna tochi, mchezo au kikokotoo humo, ondoa. Tochi haina haja ya kusoma skrini yako.

Yule bwana alikubali kuturekodia sauti yake. Tulimweleza kwamba faili zitapewa namba, na kwamba daftari linalounganisha namba na jina litakaa kwenye kabati jingine, kwa mtu mwingine. Aliuliza itakuwaje akibadili mawazo. Tukamwambia ukweli: rekodi tunaweza kuzifuta siku hiyohiyo, ila modeli ikishajifunza kwazo, kuisahaulisha ni kazi ngumu. Alifikiri kidogo. Kisha akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria, na sisi ndio wataalamu: ile "Nimeshazima!" ya mke wangu, nayo imo?

Ilikuwemo. Hatukuwa tumemwomba ruhusa. Mwenzangu akafungua faili, akakata sekunde zile nne, akamchezea yaliyobaki ili ahakikishe mwenyewe. Mke akaja kusimama mlangoni, kimya safari hii, mkono mdomoni akizuia kicheko. Tukawasha kinasa sauti upya.

"Zima taa."