Wigo wa Mradi wa Barabara si Kilomita za Lami

Ukiuliza mradi wa barabara ni nini, wengi hapa Tanga watakutajia kilomita za lami, basi. Sivyo. Wigo ni maelezo ya kazi zote zitakazofanyika, zinapoanzia, zinapokomea, na zile ambazo hazimo. Chukua barabara ya Tanga–Pangani–Bagamoyo, kilomita 256. Ndani yake limo Daraja la Pangani lenye mita 525, na daraja hilo halina maana bila barabara unganishi upande wa mjini na upande wa Bweni. Kisha kuna mifereji, makalavati (njia za kupitisha maji chini ya barabara), vituo vya daladala, alama, fidia ya nyumba na minazi. Kazi isiyoandikwa haina bei, na mkandarasi hajengi kisicho na bei.

Wengine husema: “Kikisahaulika kitaongezwa baadaye.” Huongezwa, ila kwa kubadilisha mkataba: mhandisi mshauri apige hesabu upya, mwenye mradi aidhinishe, fedha zitafutwe. Nimeshaona njia ya waenda kwa miguu ikifinywa ili kuziba pengo la namna hiyo, na iliniuma, maana watoto wa shule ndio waliobaki wakipita na malori.

“Wataalamu wana vipimo vyao, mwanakijiji ataongeza nini?” Hii ndiyo dhana inayotugharimu kuliko zote. Tulikuwa tunapima kusini ya mto Pangani, mwezi Februari, jua kali. Bonde moja lilikuwa mchanga mtupu, mbuzi wamejilalia. Kwenye mchoro tukaweka bomba moja la milimita 900. Akaja mzee wa pale. Tukampa shikamoo, akaitikia, akatupeleka kwenye mnazi wake. Kwenye shina palikuwa na mstari wa tope uliokauka, usawa wa kiuno.

“Wanangu, hapa mmesimama mtoni.”

Masika tukarudi, tukakuta maji yametanda bonde zima. Bomba likafutwa, likaingia kalavati la boksi lenye midomo mitatu, na zabuni ilikuwa bado haijatangazwa. Kurekebisha mchoro kulichukua siku chache. Tuta likishasombwa, ni miezi, na wagonjwa wanavushwa kwa mitumbwi.

“Nyumba yako ikichorwa X utalipwa.” Inategemea rangi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 45 hadi 60, ndiyo kusema 30 kila upande kuanzia katikati. X ya kijani ni ya anayestahili fidia. Nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya hifadhi kinyume cha sheria.

Na wanaolalamika kwamba njia ya kijijini kwao imerukwa: barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania; za wilaya ziko kwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017. Lakini makutano ya njia yako na barabara kuu yanaweza kuingizwa kwenye wigo. Siku wapimaji watakapoitisha mkutano, omba mchoro ufunguliwe mezani, weka kidole pale njia yako inapotokea, na hakikisha jambo hilo limeandikwa kwenye muhtasari kabla hujaondoka.