Nahumu 1:7 haikatwi

Naomba tuache kuikata Nahumu 1:7. "BWANA ni mwema, ni ngome siku ya taabu" hubandikwa kwenye kalenda na salamu za asubuhi, huku aya ya 8, yenye gharika na giza, ikiachwa nje. Eti ya 7 ni upendo na ya 8 ni hasira! Nabii hakuzitenga.

Aya za 2 hadi 8 zinafuata alfabeti ya Kiebrania: kila mstari unaanza na herufi inayofuata, kutoka alefu hadi kafu, herufi 11 kati ya 22. "Mwema", tov, imekaa mahali pa herufi tethi. Mstari ulio juu yake, wa herufi khethi, unaanza na khamato, "ghadhabu yake". Baada ya yodi inakuja kafu: kalah, "maangamizi".

Mpangilio huo una mapengo, nakiri. Daleti haipo, na zayini imejificha kwenye neno la pili la mstari wake. Wapo wataalamu wanaoukataa kabisa. Mimi naukubali, ila una gharama yake: ili kafu ianze mstari, maneno "na kwa gharika ifurikayo" lazima yapande kwenye aya ya 7. Hapo yanasomeka kwamba Mungu anawajua wanaomkimbilia hata gharika inapopita. Maji ni yaleyale. Anayezama ni Ashuru, anayehifadhiwa ni Yuda. Usomaji huu hauna uhakika kamili, lakini hata ukiyaacha maneno hayo aya ya 8, gharika bado inagusana na kimbilio.

Historia ni fupi. Nahumu 3:8 inakumbuka kuanguka kwa No-Amoni, yaani Thebe ya Misri, mwaka 663 KK. Ninawi, mji mkuu wa Ashuru, ilianguka 612 KK. Yuda ilikuwa imebeba nira ya Ashuru, na 1:13 inaahidi kuivunja. Kwa mtu aliye chini ya nira, ngome isiyomgusa mwenye nira ina faida gani?

Neno lenyewe ni ma'oz, mahali penye nguvu pa kujihifadhi. "Wamkimbiliao" linatokana na khasah, kujisitiri. Isaya 30:2 anayatumia yote mawili kuwakemea Yuda waliokimbilia ngome ya Farao na kivuli cha Misri. Kumbe kukimbilia tu hakutoshi; Isaya anauliza umekimbilia kwa nani.

Kisha fungua Nahumu 3:11. Ninawi inaambiwa kwamba nayo italewa na kufichwa, nayo itatafuta ngome mbele ya adui. Kiebrania kinasema ma'oz, neno lilelile la 1:7.