Juncus tatu zinazochanganya watu: achana na kichwa cha maua, shika shina

Kila mara naletewa picha za mimea ya kwenye maji na swali ni lilelile, hii ni Juncus gani, yaani jamii ile ya mimea kama nyasi inayoota penye maji? Ukiifungua picha unakuta rundo la vijiti vya kijani vimesimama kwenye tope, imepigwa kwa mbali, basi. Kwa picha hiyo siwezi kukujibu, sio kwamba nakunyima, ni vile jibu liko kwenye shina na shina lazima ulishike.

Tuhakikishe kwanza kweli ni Juncus. Ndago, mafunjo na ndugu zao wengi wana shina la pembe tatu, ukilizungusha kati ya vidole unazisikia kabisa zile pembe, na ua likikomaa linatoa kijitunda cha mbegu moja tu. Nyasi zenyewe zina vifundo kwenye shina. Hizi tatu ninazozisema leo shina lake ni la mviringo, halina kifundo popote, na ua ukiliweka chini ya lenzi unaona tepali sita (vile vijani vya ua) kavukavu zimejipanga kama nyota, katikati kuna kapsuli, kitunda kikavu, imejaa mbegu ndogo mno. Yaani ni ua kamili, lina kila kitu, ila ni dogo na halina rangi ya kuita nyuki kwa sababu chavua yake inabebwa na upepo. Mi kila nikiliangalia bado nasimama kidogo.

Sasa hizo tatu ni Juncus effusus, Juncus conglomeratus na Juncus inflexus, zote Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Sweden, alizipa majina mwaka 1753. Kwa macho ya haraka ni kitu kimoja: hazina majani ya kuonekana, ni mashina tu yaliyochongoka, na maua yanaonekana kama yametokea ubavuni. Ukweli ni kwamba maua yako mwisho wa shina, kile kinachoendelea juu yake ni brakti, aina ya jani lililojifanya shina.

Wengi wanafundishwa kwamba effusus ina maua yaliyotawanyika na conglomeratus ina maua yaliyobanana kama kidonge. Mara nyingi ni kweli, ila effusus nayo kuna zinazobana maua vilevile, na hapo ndipo watu wanapopotea. Mimi mwenyewe misimu miwili nzima niliandika conglomeratus kwenye daftari pale kando ya bwawa moja nililokuwa nalifuatilia, halafu siku moja nikapitisha ukucha kwenye shina nikakuta laini kabisa, kumbe ni effusus, ikabidi nianze kurudia mmea mmoja mmoja na rekodi karibu zote nikazifuta, iliniuma sana.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua shina bichi, narudia bichi, maana effusus ikikauka nayo inatoa mistari na utadanganyika. Pitisha ukucha kukatiza upana wa shina, hapo chini kidogo tu ya maua. Effusus inateleza, inang'aa, mistari yake ni mingi lakini hafifu, huwezi kuisikia. Conglomeratus inakwaruza, ina matuta ya wazi na rangi yake imefifia haing'ai, halafu brakti yake pale inapoanzia imetanuka kama ala iliyofunguka. Inflexus ndio rahisi kuliko zote, matuta yake ni makali, shina lina rangi ya kijani cha kijivu kama limepakwa unga, na zile ala za chini kabisa, vile vifuniko vinavyolizunguka shina, ni nyeusi kahawia zinang'aa.

Kama bado una wasiwasi na inflexus, pasua shina kwa urefu. Effusus na conglomeratus ndani zina sponji nyeupe isiyokatika, ndiyo ile ya effusus watu zamani waliitoa nzima wakaichovya kwenye mafuta ya wanyama ikawa utambi wa taa. Ya inflexus imekatikakatika, nafasi, kipande, nafasi, kama ngazi. Stameni, zile sehemu za ua zinazotoa chavua, pia zinasaidia, inflexus ina sita, hizo mbili kwa kawaida zina tatu tatu.

Na udongo usiupuuze. Inflexus inapenda udongo mzito wa mfinyanzi usio na asidi, conglomeratus inaelekea kwenye udongo wenye asidi zaidi, effusus yenyewe inaota karibu popote palipolowa hasa palipovurugwa, mbegu zake zinakaa ardhini miaka mingi zinasubiri mwanga tu. Ndio maana kukosea jina sio jambo dogo, mtu akisoma rekodi yako anapata picha ya udongo ambao haupo.

Kuna machotara pia. Effusus na conglomeratus zinazaana na chotara lake linatoa mbegu nzuri tu, kwa hiyo unaweza kukuta mmea ambao matuta yake yako katikati, sio laini sio makali. Hapo usilazimishe jina. Subiri kapsuli zikomae uangalie juu yake kwa lenzi: conglomeratus ina kibonyeo chenye kinundu kidogo katikati, effusus ina kibonyeo kitupu. Ikigoma hata hapo, andika hivyohivyo "effusus au conglomeratus", weka alama mahali ulipoukuta, kisha urudi msimu ujao na shina bichi mkononi.