Kabla hujarekodi somo, jiulize mwanafunzi atafanya nini

Walimu wengi wa Mtwara na Lindi wanafundisha mtandaoni tayari, hata kama hawaiti hivyo. Mwalimu anapiga picha ubao uliojaa notisi, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa Darasa la Saba, na chini yake anaandika: "Wanafunzi wanakili." Mzazi wa Tandahimba ametoka shambani, anaiona picha saa mbili usiku, anampa mtoto simu. Mtoto ananakili mpaka mwisho, anafunga daftari, anakwenda kulala. Maandishi yametoka kwenye kioo cha simu yakaingia kwenye karatasi, na somo limeishia hapo.

Nafundisha teknolojia ya elimu kwa walimu tarajali hapa Mtwara. Maswali ninayoulizwa zaidi ni ya vifaa: simu gani inarekodi vizuri, programu gani ya kuhariri video ni ya bure, projekta bei gani. Ni maswali halali, lakini nawaomba walimu, na wazazi pia, tuanze kwingine. Andalio la somo la kidijitali lianze na kazi atakayoifanya mwanafunzi. Sauti, picha na video zije baadaye, kuitumikia kazi hiyo.

Nchi hii imewahi kulifanya jambo hilo vizuri sana, tena kwa redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa muda wa wiki 12. Redio ilirusha kipindi, lakini watu hawakuachwa wasikilize tu kisha watawanyike. Walikaa katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyepata mafunzo (viongozi hao walikuwa kama 75,000) na kijitabu mkononi. Kipindi kikiisha wanajadiliana, wanaamua la kufanya pale kijijini, wanakwenda kulifanya: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kusafisha kisima. Redio ilikuwa ileile iliyokuwa ikipiga muziki na kusoma taarifa ya habari. Kilichoigeuza kuwa darasa ni kikundi, kiongozi na kazi iliyofuata.

Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya korona, vipindi vya masomo vilirudi tena redioni na kwenye televisheni. Kidato cha Sita walirejea madarasani tarehe 1 Juni, wenzao tarehe 29 Juni. Katika miezi hiyo vipindi havikukosekana. Watoto wengi walikosa mtu wa kuwaambia, "Sasa funga daftari, nieleze ulichosikia." Naamini hilo ndilo pengo la kuzibwa, na mwalimu yeyote mwenye simu anaweza kuanza kuliziba wiki hii.

Utafiti unatuunga mkono. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Baadhi waliisoma tena, wengine waliifunika wakaandika wanachokumbuka. Baada ya wiki moja waliosoma mara mbili walikumbuka asilimia 42, na wale waliojipima kwa kuandika walikumbuka asilimia 56. Mwaka 2014 watafiti wengine wa huko walichunguza rekodi milioni 6.9 za watu wanaotazama video za masomo ya mtandaoni, wakaona kwamba umakini wa watazamaji haukuvuka kama dakika 6, hata video iwe ndefu kiasi gani. Naye Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California ameonyesha kwa majaribio ya miaka mingi kwamba picha na maelezo vikienda pamoja watu huelewa zaidi, ila mapambo yasiyohusu somo hupunguza uelewa. Kwa hiyo ule muziki tunaopenda kuuweka chini ya sauti ya mwalimu uondolewe, hata kama unanoga.

Tuchukue Hisabati ya Darasa la Sita, mada ya asilimia. Mwalimu anarekodi sauti ya dakika nne, hakuna video. Anasema: "Chukua kalamu na karatasi. Babu amepeleka kilo 240 za korosho kwenye chama cha msingi. Tuseme mnadani kilo moja imeuzwa shilingi 3,000. Simamisha sauti hapa, tafuta jumla." Mtoto anapiga hesabu, anapata 720,000. Mwalimu anaendelea: "Tuseme makato yote ni asilimia 5. Babu atapokea kiasi gani? Simamisha tena." Kisha linakuja swali ninalolithamini kuliko yote: "Mwenzako amejibu shilingi 36,000. Hesabu yake ya kuzidisha ni sahihi, lakini jibu siyo. Amekosea wapi? Nirekodie maelezo yako, yasizidi dakika moja."

Ili kujibu, mtoto lazima aone kwamba 36,000 ni makato, na kwamba babu anaondoka na 684,000. Lazima alieleze hilo kwa maneno yake, kwa sauti yake. Hawezi kunakili kwa jirani, maana hakuna cha kunakili. Mwalimu akisikiliza majibu kumi anajua ni nani ameelewa, ni nani anabahatisha, na kesho darasani aanzie wapi. Tena mzazi aliyeketi pembeni, anayejua mnada na makato kuliko mwalimu mwenyewe, ataingilia tu. Mwacheni aingilie, yeye ndiye kiongozi wa kikundi wa nyumba ile.

Nimechagua sauti kwa sababu ya bando. Sauti ya dakika nne au tano ikitumwa WhatsApp mara nyingi haizidi MB 1 au 2. Video iliyorekodiwa kwa ubora wa 1080 inaweza kuzidi MB 100 kwa dakika moja tu, na ukimtumia mama wa Nanyumbu faili la namna hiyo umemmalizia kifurushi chake cha wiki. Sauti pia inahamishika. Inaingia kwenye memori kadi, na memori kadi inaingia kwenye simu ya kitochi yenye nafasi yake au kwenye redio ndogo za spika zilizojaa sokoni. Mei 2024 tulipata mitihani miwili kwa mpigo: mwanzoni mwa mwezi Kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, na tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari zikapata hitilafu, mtandao ukayumba nchi nzima. Somo linaloishi mtandaoni peke yake lilikufa siku ile. Lililokuwa kwenye kadi liliendelea.

Video iwepo pale macho yanapohitajika kweli: jaribio la kemia, mshono wa cherehani, mkono wa mchongaji wa Kimakonde unavyoshika patasi. Hapo hakuna sauti inayotosha.

Ubunifu tunaohimizwa na mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 wengi wanauelewa kama ubunifu wa mwalimu, kwamba atengeneze slaidi za kupendeza. Mimi nauona zaidi kwa mwanafunzi: apewe nafasi ya kutengeneza kitu ambacho hakikuwepo kabla hajakitengeneza. Na mikoa yetu ina utajiri wa mambo yanayosubiri kutengenezwa.

Mfano ninaourudia kila ninapokutana na walimu wa Lindi ni kilima cha Tendaguru. Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa bado vinaendelea kusini, mhandisi wa madini Mjerumani aitwaye Bernhard Sattler alionyeshwa mifupa mikubwa ya dainosaria kwenye kilima hicho, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yaliendesha uchimbaji mkubwa pale. Waliochimba walikuwa mamia ya wenyeji, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa ziliteremshwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Leo mifupa ya mmoja wa dainosaria hao imesimamishwa Berlin, urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita, kwenye ardhi hii tunayolima ufuta.

Mpe mwanafunzi wa Kidato cha Pili habari hii kama notisi, atainakili kama anavyonakili nyingine. Sasa ligawe darasa katika vikundi, kila kikundi kitengeneze kipindi cha sauti cha dakika nne kwa ajili ya wanafunzi wa shule nyingine. Kikundi kimoja kiwatafute wazee na kuwauliza wamerithi masimulizi gani ya upagazi na ya vita. Kingine kikadirie: tani 200 zikigawanywa kwa mizigo ya kilo 30, ni mizigo mingapi? Ni zaidi ya 6,600, na ukishaitamka namba hiyo hewani unaanza kuwaona watu njiani. Cha tatu kieleze, kwa msaada wa mwalimu wa Biolojia na wa Jiografia, namna mfupa unavyogeuka jiwe. Cha nne kijadili kama mifupa ile irudishwe nyumbani au la, na kiseme hoja za pande zote.

Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, nami sipendekezi utaratibu huo uvunjwe. Kishikwambi kimoja kati ya vile walivyopewa walimu baada ya Sensa ya 2022 kinatosha kurekodi kazi ya darasa zima kwa zamu. Kurekodi kwenyewe ni jambo la dakika chache. Muda mwingi utakwenda kwenye kuandika, kukata maneno, kusikiliza, kukasirika kwa sababu jogoo amewika katikati, na kurudia. Kwenye kurudia huko ndiko mwanafunzi anakojifunza kupanga hoja.

Kazi ya namna hii inatusaidia pia kwenye suala la akili unde, ambayo sasa inaweza kumwandikia mwanafunzi insha nzima katika nusu dakika. Haiwezi kwenda Tendaguru kukaa mkekani na bibi. Mwanafunzi akitakiwa kuleta rekodi ya mahojiano, rasimu zake mbili na maelezo ya alichobadilisha, msaada wa mashine unabaki kuwa msaada. Na kila inachodai akilinganishe na kitabu cha kiada. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomwa bure kwenye maktaba mtandao yake, hivyo hakuna sababu ya kusambaza nakala za wizi za vitabu vya watu.

Picha na sauti za watoto zilindwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inahusu pia shule. Pata ridhaa ya mzazi kabla ya kurekodi, usiweke jina kamili la mtoto na shule yake kwenye video iliyo wazi kwa kila mtu, na usimrushe mtandaoni mwanafunzi aliyekosea jibu, hata kama video hiyo ingependwa na maelfu.

Nimalizie na kundi ambalo sisi wataalamu tunalisahau tunapozungumzia teknolojia. Tangu Novemba 2021 msichana aliyekatiza masomo kwa ajili ya ujauzito anaruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida, na asiyeweza kurudi huko ana njia mbadala kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Yuko Newala, yuko Nachingwea, analea, anauza maandazi asubuhi, na hana saa sita mfululizo za kukaa darasani. Kwake sauti ya dakika tano ni nafasi halisi ya kufaulu Kidato cha Nne. Mwalimu anayerekodi kwa ajili yake ataje mada na ukurasa wa kitabu mwanzoni, arudie ukurasa kila anapohamia sehemu mpya, aache ukimya wa kutosha baada ya swali, aeleze kwa Kiswahili chepesi kabla ya kuitamka dhana kwa Kiingereza cha mtihani. Na majibu yake yasahihishwe ndani ya wiki hiyohiyo, akiwa bado anakumbuka alivyofikiri alipoyatoa.