Uyoga hauletwi na radi

Bado utawasikia watu wakisema radi ikipiga ndipo uyoga huota. Ni kweli vyote viwili huja msimu mmoja, lakini kinachouotesha ni maji. Uyoga wenyewe ulishakuwemo ndani ya gogo. Ukiwa msitu wa Rondo, Lindi, inua gome lililolegea: utaona nyuzi nyeupe, nyembamba kama utando wa buibui, zimetambaa kwenye mti uliooza. Hizo ndizo zinazoula mti. Kile kikofia tunachochuma ni kiungo cha uzazi tu, hutoa spora, yaani chembe ndogo za kuzaliana, na hujitokeza unyevu ukitosha.

Mpigapicha wa uyoga asingoje ngurumo, basi. Alale kifudifudi, lenzi iwe chini ya kofia, mwanga utokee ubavuni, mikunjo ionekane. Na gome alirudishie, jamani.